Italia: Siku moja kutoka melini hadi kijiji kinachomomonyoka na bustani ya mazimwi

Kila mwaka mamilioni ya watu hushuka kutoka meli za kitalii kwenye bandari za Italia. Wengi hupanda mabasi makubwa na kwenda Roma. Wachache huchagua njia nyingine. Hupanda gari dogo, watu sita au wanane, na kuelekea mashambani, kwenye vijiji na bustani zisizofanana na za mahali pengine.

Katika makala hii tunaeleza safari hizo hufanyikaje, watu huenda kuona nini, na fedha zao huishia wapi. Tumechukua mfano wa kijiji kimoja, Civita di Bagnoregio, ambacho Waitalia wamekipa jina la "mji unaokufa". Kijiji hicho kinaanguka kidogo kidogo bondeni, na kinachokisaidia kusimama ni kiingilio cha mgeni anayekaa saa chache tu. Je, fedha za mgeni wa saa chache zinaweza kukiokoa kijiji?

Ziara ya nchi kavu ni nini?

Meli ya kitalii ni kama hoteli inayotembea. Husafiri usiku na kutia nanga asubuhi. Abiria wakishuka wana saa kadhaa za kutembea, kisha lazima warudi kabla meli haijaondoka. Matembezi hayo ndiyo huitwa ziara ya nchi kavu. Wakazi wa Mombasa na Zanzibar wanazifahamu, kwa sababu meli za aina hii hufika huko pia, na wageni hupelekwa Mji Mkongwe au kwenye mashamba ya viungo.

Ziara ziko za aina mbili. Ya kwanza huuzwa na kampuni ya meli yenyewe. Mara nyingi hutumia basi kubwa lenye viti karibu 50, na mwongozaji hutembea mbele akiinua kibao chenye namba ili kundi lisipotee. Ya pili huendeshwa na madereva na waongozaji wa nchi husika, kwa makundi madogo.

Idadi ya nane ina sababu yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, gari lenye viti zaidi ya 9, pamoja na kiti cha dereva, linahitaji leseni ya daraja la mabasi. Kwa hiyo kundi dogo huishia watu 8, ambao hutosha ndani ya gari la ukubwa unaokaribia haisi.

Kuna tofauti nyingine ambayo kila abiria huambiwa mapema. Ziara ya kampuni ya meli ikichelewa barabarani, meli kwa kawaida huisubiri. Ziara ya binafsi ikichelewa, meli huondoka, na abiria hulazimika kuifuata hadi bandari inayofuata kwa gharama yake mwenyewe. Ndiyo maana dereva mzuri hupanga kurudi bandarini saa mbili kabla ya nanga kung'olewa.

Civitavecchia, bandari ya Roma

Safari yetu inaanzia Civitavecchia, bandari iliyo umbali wa kilomita 70 hivi kaskazini-magharibi ya Roma. Ilijengwa na mfalme wa Kirumi Trajan mwanzoni mwa karne ya 2. Leo ni miongoni mwa bandari zenye abiria wengi zaidi wa meli za kitalii katika Bahari ya Mediterania. Mwaka 2023 ilipokea zaidi ya abiria milioni 3.

Tuchukue mfano wa meli inayofika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 usiku. Kundi dogo hutoka bandarini saa 2 asubuhi. Badala ya kushika barabara ya Roma, gari hukata kuelekea bara, upande wa mji wa Viterbo. Huko hakuna majengo marefu. Kuna mashamba ya mizeituni na mizabibu, na vijiji vya mawe vilivyojengwa juu ya vilima. Baada ya saa moja na nusu hivi, kundi huwa limefika Bagnoregio.

Civita: mji juu ya mwamba

Bagnoregio ni mji mdogo wa kawaida, wenye shule, maduka na ofisi za manispaa. Lakini ukifika mwisho wake, barabara inakatika. Mbele yako kuna bonde pana lenye makorongo, na katikati ya bonde kimesimama kilima kimoja kama kisiki cha mti. Juu ya kisiki hicho kuna nyumba za mawe, mnara wa kanisa na mapaa ya vigae. Hicho ndicho kijiji cha Civita.

Njia ya kufika ni moja tu: daraja la waenda kwa miguu, lenye urefu wa mita 300 hivi, lililojengwa mwaka 1965. Mwishoni hupanda sana, na wazee hupumzika mara mbili tatu kabla ya kufika langoni. Magari hayaruhusiwi. Mizigo ya migahawa na ya wenyeji huvushwa kwa pikipiki na vigari vidogo vya magurudumu matatu viitwavyo Ape, yaani nyuki kwa Kiitaliano. Msomaji wetu akiviona atavitambua, maana ni jamaa wa bajaji. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuvitengeneza mwaka 1948, na kampuni ya Bajaj ya India, ambayo jina lake limekuwa neno la Kiswahili, ilianza kazi hiyo kwa leseni ya Piaggio.

Civita ilianzishwa na Waetruski, watu walioishi sehemu hiyo kabla ya Warumi kutawala, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Lango la kijiji limechongwa ndani ya mwamba. Ndani kuna uwanja usiosakafiwa na kanisa la San Donato, ambalo zamani lilikuwa kanisa kuu la askofu. Chini ya nyumba kuna mapango yaliyotumika kama ghala za divai, na mojawapo lina kinu cha kale cha kukamulia mafuta ya zeituni.

Mwanazuoni mashuhuri wa Kanisa Katoliki, Mtakatifu Bonaventura aliyefariki mwaka 1274, alizaliwa hapa. Mgeni akiuliza nyumba yake iko wapi, huoneshwa ukingo wa genge. Nyumba iliporomoka zamani pamoja na ardhi iliyokuwa chini yake.

Kwa nini kijiji kinaanguka?

Jibu liko ardhini, na mkulima yeyote aliyewahi kuona korongo likila shamba lake ataelewa upesi.

Sehemu ya juu ya kilima ni jiwe lililotokana na majivu ya volkeno. Ni jiwe jepesi, rahisi kuchonga, na linafaa kwa ujenzi. Lakini chini yake kuna udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa za jiwe. Huku chini, vijito viwili vinavyopita pande zote mbili za kilima hukwangua mfinyanzi mwaka baada ya mwaka. Mfinyanzi ukilowa huteleza. Jiwe la juu likikosa kitu cha kuegemea hupasuka, na kipande chake huenda bondeni, wakati mwingine pamoja na nyumba.

Mwaka 1695 tetemeko kubwa la ardhi liliharakisha mambo. Makao ya askofu na ofisi za utawala zilihamishiwa Bagnoregio, mahali penye ardhi imara zaidi. Watu wakazifuata. Kadiri miaka ilivyopita, vijana walitafuta kazi mijini na wazee wakabaki. Leo wanaoishi Civita mwaka mzima ni kama watu kumi na kitu. Mwandishi Bonaventura Tecchi, mzaliwa wa Bagnoregio, ndiye aliyelieneza jina la "mji unaokufa".

Mwaka 2006 shirika la kimataifa la kulinda majengo ya kale, World Monuments Fund, liliiweka Civita kwenye orodha ya maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani. Wahandisi wamepitisha vyuma ndani ya mwamba ili kuufunga pamoja, kama mtu anavyofunga mzigo kwa kamba. Kazi hiyo hupunguza kasi ya maporomoko, lakini haiwezi kuyamaliza. Na ni ya gharama kubwa mno kwa manispaa ya watu elfu chache.

Kiingilio kilibadilisha nini?

Mwaka 2013 manispaa ya Bagnoregio ilichukua hatua iliyozua mjadala Italia nzima. Iliamua kwamba kila mgeni anayevuka daraja alipe kiingilio cha euro 1 na senti 50. Wapo waliosema mji si bustani ya wanyama, na kwamba watu wangekimbia.

Hawakukimbia. Mwaka 2009 wageni walikadiriwa kuwa 40,000. Kufikia mwaka 2017 walikuwa zaidi ya 800,000. Hiyo ni wastani wa zaidi ya watu 2,000 kwa siku, wakienda kutazama kijiji chenye wakazi wasiojaza basi moja. Baadaye kiingilio kilipandishwa hadi euro 5.

Fedha hizo zimetumika kutunza njia, daraja na mwamba, na manispaa iliweza kuwafutia wakazi wake kodi zake za ndani. Nyumba za wageni, migahawa na maduka yameongezeka, siyo Civita tu bali pia Bagnoregio, ambako wageni huegesha magari na kula.

Hatua hiyo ilitangulia miji mikubwa. Mwaka 2024 Venice nayo ilianza kutoza euro 5 kwa wageni wa siku moja katika siku zenye msongamano. Miaka mitatu nyuma, Agosti 2021, serikali ya Italia ilikuwa imezuia meli kubwa kupita katikati ya mji huo.

Bomarzo: bustani ya mazimwi

Saa 6 mchana kundi letu huondoka Civita, hula chakula cha mchana njiani, na kufika Bomarzo, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Hapa kuna bustani ambayo wenyeji huiita Msitu Mtakatifu, na wengine Bustani ya Mazimwi.

Aliyeitengeneza ni Pier Francesco Orsini, bwana wa eneo hilo na mwanajeshi aliyewahi kuchukuliwa mateka vitani. Alianza kazi katikati ya karne ya 16. Bustani za matajiri wa wakati huo zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, maua upande huu na upande ule. Orsini alifanya kinyume. Aliacha msitu ubaki msitu, na mawe makubwa yaliyokuwa yamelala humo akaagiza yachongwe palepale yalipo.

Mgeni anatembea chini ya miti na ghafla anakutana na jitu linalomrarua mwenzake. Mbele kuna kobe aliyebeba sanamu ya mwanamke mgongoni, tembo wa vita aliyemshika askari kwa mkonga, na joka linalopigana na simba. Kuna nyumba iliyojengwa makusudi ikiwa imelala upande, ambayo ukiingia kichwa kinazunguka. Maarufu kuliko yote ni uso wa zimwi lililoachama kinywa. Kinywa hicho ni mlango. Ndani yake kuna meza na benchi za mawe, na ukinong'ona humo sauti yako husikika nje ikiwa imekuzwa.

Juu ya mteremko kuna hekalu dogo ambalo Orsini alilijenga kwa kumbukumbu ya mkewe, Giulia Farnese. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu maana ya bustani nzima. Baada ya Orsini kufariki, ilitelekezwa kwa karne kadhaa. Miiba ikaota juu ya masanamu na wachungaji wakalisha mifugo humo. Katika miaka ya 1950 familia ya Bettini iliinunua, ikafyeka vichaka na kuifungua kwa wageni. Mpaka leo inaendeshwa kwa viingilio.

Villa Lante: maji yasiyohitaji pampu

Makundi mengine, badala ya Bomarzo, huenda Bagnaia, karibu na Viterbo. Huko kuna bustani ya Villa Lante, iliyoanzishwa na Kardinali Gianfrancesco Gambara katika miaka ya 1560.

Kivutio chake ni maji. Bustani imepangwa kwa ngazi kwenye mteremko, kama matuta ya shambani. Maji hutoka chanzo cha juu kilimani, hushuka ngazi hadi ngazi, huruka kwenye chemchemi, hupotea chini ya mawe na kutokeza tena mbele. Hakuna pampu. Kinachofanya kazi yote ni mteremko na vipimo sahihi vya mifereji, kanuni ileile inayotumiwa na wakulima wa milimani wanaopeleka maji mashambani kwa mfereji.

Sehemu moja maji hupita katikati ya meza ndefu ya mawe. Kardinali aliketi hapo na wageni wake, na vinywaji viliwekwa kwenye maji hayo vipoe. Sehemu nyingine mfereji umechongwa kwa umbo la kamba wa majini, kwa sababu jina la Gambara linafanana na neno la Kiitaliano la kamba huyo.

Mifano mingine miwili

Calcata, kijiji kingine juu ya genge kaskazini mwa Roma, kiliwahi kuhukumiwa. Katika miaka ya 1930 serikali iliamua kwamba si salama kuishi huko, na hatimaye wakazi wakahamia kijiji kipya kilichojengwa jirani. Nyumba zilizobaki tupu zikanunuliwa na wasanii kuanzia miaka ya 1960. Kijiji hakikubomolewa. Leo kina karakana za sanaa na migahawa midogo.

Huko Capalbio, kwa barabara ya pwani kaskazini ya Civitavecchia, kuna bustani mpya zaidi. Msanii Niki de Saint Phalle alianza kuijenga mwaka 1979 na ikafunguliwa rasmi mwaka 1998. Ina masanamu makubwa ya saruji yaliyofunikwa kwa vioo na vigae vya rangi, yakionesha picha 22 za karata za kutabiria. Sanamu moja ni kubwa kiasi kwamba msanii aliishi ndani yake wakati wa ujenzi.

Kundi dogo lina faida gani, na kwa nani?

Kwa mgeni, faida iko wazi. Watu wanane hupita kwenye njia nyembamba bila kusukumana, humsikia mwongozaji, na wakitaka kusimama kuangalia mzeituni wa zamani, gari linasimama.

Kwa mwenyeji, hesabu ni tofauti kidogo. Udogo wa kundi peke yake haumsaidii. Watu wanane waliobeba mikate kutoka melini, wakapiga picha na kuondoka, hawakuacha kitu zaidi ya takataka. Kinachomsaidia ni mambo matatu: mgeni alipe mlangoni, ale kijijini, na dereva na mwongozaji wawe watu wa hapo. Makundi madogo hutimiza masharti hayo kwa urahisi zaidi, kwa sababu mgahawa wa meza tano unaweza kuwahudumia wanane, lakini hauwezi kuwahudumia hamsini wanaoingia kwa mpigo na kutaka kuondoka baada ya dakika arobaini.

Hapo ndipo umuhimu wa kiingilio cha Civita unapoonekana. Hata mgeni asiyenunua chochote ameshachangia kutunza mwamba anaoukanyaga.

Nini bado hakijatatuliwa?

Kiingilio kimeleta fedha, lakini hakijarudisha watu. Nyumba nyingi za Civita sasa ni za watu wa mijini wanaokuja mwishoni mwa wiki, au ni vyumba vya wageni. Jioni, makundi yakishavuka daraja kurudi, kijiji hunyamaza. Hakuna shule, na mtoto akizaliwa ni habari. Baadhi ya Waitalia huuliza kama mji uliojaa wageni mchana na mtupu usiku umeokolewa kweli, au umegeuzwa kuwa makumbusho.

Pili, kuna hatari ya kutegemea mlango mmoja wa mapato. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha meli na kufunga mipaka, wageni walikatika ghafla. Daraja lilikuwa tupu, huku mmomonyoko ukiendelea kama kawaida. Udongo hausubiri watalii warudi.

Tatu, wageni wakizidi nao ni mzigo. Njia huchakaa, maji hutumika, na bei ya nyumba hupanda hadi kijana wa hapo ashindwe kununua.

Kwa ufupi

Saa 11 jioni gari letu dogo linarudi Civitavecchia. Abiria wanapanda meli, na usiku huohuo wanaelekea bandari nyingine. Wamekaa Civita saa mbili na nusu tu.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali letu la mwanzo: ndiyo, mgeni wa saa chache anaweza kusaidia kijiji, iwapo kijiji chenyewe ndicho kimeshika mlango, kimepanga bei, na kinajua fedha itafanya kazi gani. Bagnoregio haikusubiri kampuni za meli ziamue iachiwe kiasi gani. Iliweka kibanda cha tiketi mwanzoni mwa daraja. Mwamba bado unaanguka, na wakazi bado ni wachache. Lakini daraja linatengenezwa, vyuma vinapitishwa kwenye mwamba, na wale waliobaki bado wana mahali pa kuita nyumbani.